Waliokataliwa Ndio Waliong'ara: Siri za Kuchaguliwa Wachezaji wa "The Godfather"

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Lau mabwana wakubwa wa kampuni ya senema ya Paramount kule Marekani wangaliijua methali hii mwaka 1971, wangaliokoa fedha nyingi na usingizi mwingi. Kwani wachezaji walioifanya senema ya "The Godfather" ikasifika dunia nzima, takriban wote ni watu ambao mabwana hao hawakuwataka. Mmoja walimwita mkorofi, mwingine wakamwona mfupi, na hata mwongozaji mwenyewe alikaa muda mrefu akisubiri kufukuzwa kazi.

Msomaji, huenda umeiona senema hiyo, au labda umesikia jina lake tu. "Godfather" kwa wafuasi wa Kanisa Katoliki ni baba wa ubatizo, yule asimamaye mbele ya kasisi kumdhamini mtoto katika dini yake. Mwandishi Mario Puzo, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia mjini New York, alilichukua neno hilo takatifu akamvika mkuu wa majambazi, Don Vito Corleone, katika kitabu chake cha mwaka 1969. Tangu hapo maana yake ikapinduka. Hata siasa zetu za Kenya zimelikopa, na mwanasiasa mchanga akiinuka ghafla, watu huulizana "godfather" wake ni nani.

Na tusichanganye mambo. Mafia isemwayo hapa ni ile ya Sisilia na Marekani, si kisiwa cha ndugu zetu, chenye Kisimani na Chole. Majina yamekutana tu, kama wakutanavyo wapita njia wawili wasiojuana.

NAHODHA ASIYETAKIWA

Tuanze na nahodha. Paramount ilikuwa imejaribu senema ya Mafia mwaka 1968, iitwayo "The Brotherhood", ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Kirk Douglas. Ilizama. Robert Evans, aliyekuwa akisimamia utengenezaji wa senema katika kampuni hiyo, alishika rai kwamba senema za namna ile hushindwa kwa sababu hutengenezwa na watu wasio Waitalia, wasioijua harufu ya jiko la Kiitalia. Basi akatafutwa mwongozaji mwenye asili hiyo, na baada ya wengine kadha kukataa, akaangukiwa Francis Ford Coppola.

Coppola alikuwa na miaka 31 tu. Senema alizoongoza kabla ya hapo hazikuwa na soko kubwa. Hata yeye mwenyewe alipopelekewa kitabu cha Puzo mara ya kwanza hakukipenda. Lakini kampuni yake ndogo ya American Zoetrope, aliyoianzisha mjini San Francisco mwaka 1969, ilikuwa na deni zito, na rafiki yake George Lucas, yule ambaye baadaye aliitengeneza "Star Wars", alimwambia kwa ufupi kwamba fedha zahitajika. Mwenye deni hachagui kazi. Coppola akakubali.

Walakini alipokwisha kukisoma upya kitabu kile, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Hakuona hadithi ya bunduki na damu. Aliona hadithi ya mfalme mwenye wana watatu, na ya mtoto mdogo asiyetaka kiti cha babake, ambaye mwisho hukikalia akapotewa na roho yake. Mwenye kuiona hadithi hivyo, hawezi kuwachagua wachezaji kwa uzuri wa sura. Hapo ndipo vita vilipoanza.

BRANDO NA RANGI YA VIATU

Kwa sehemu ya Don Vito, majina mengi yalitajwa. Coppola alisema wazi kwamba kwa kuwa hapatikani mzee wa Kiitalia asiyejulikana mwenye kipaji cha kutosha, afadhali achukuliwe mchezaji bora kabisa duniani, na kwa maoni yake walikuwa wawili: Laurence Olivier wa Uingereza au Marlon Brando wa Marekani. Olivier alikuwa hawezi siku zile. Akabaki Brando. Puzo naye alikuwa amekwisha kumwandikia Brando barua kumwambia kwamba ndiye wa kumfanya Don.

Lakini Brando alikuwa na sifa mbaya. Katika senema ya "Mutiny on the Bounty" ya mwaka 1962 alilaumiwa kwa kuchelewesha kazi na kuongeza gharama, na senema zake zilizofuata hazikuwa na faida. Coppola ameeleza mara nyingi jinsi Stanley Jaffe, rais wa Paramount, alivyomtolea kauli katika mkutano kwamba maadam yeye ni rais wa kampuni, Brando hatakanyaga katika senema ile. Coppola akajitupa sakafuni kana kwamba kashikwa na kifafa. Mabwana wakashtuka, wakalegea kidogo, wakampa masharti matatu: Brando apigwe picha za majaribio kama mwanafunzi, akubali malipo hafifu ya kuanzia, na atoe dhamana kwamba ukorofi wake hautaitia kampuni hasara.

Sasa ni nani wa kumwambia simba mkongwe aje afanyiwe mtihani? Coppola alitumia hila ya kistaarabu. Alikwenda nyumbani kwa Brando, Los Angeles, na kamera ndogo, akimwambia kuwa ni majaribio ya kutazama tu namna ya kumvaa mzee huyo. Alibeba jibini, soseji za Kiitalia na sigara ndogo ndogo, akavitandaza hapa na pale bila ya kusema neno. Brando alitoka chumbani na nywele zake ndefu za rangi ya dhahabu. Akazifunga nyuma, akazipaka rangi nyeusi ya viatu. Akaikunja ncha ya kola ya shati. Akajitia vikaratasi laini mashavuni, akisema mzee huyu afaa awe na uso wa mbwa wa bulldogi. Simu ikalia, akaipokea akanung'unika kwa sauti ya yule mzee, na aliyekuwa upande wa pili hatujui alidhani azungumza na nani!

Coppola akaichukua picha ile moja kwa moja hadi New York, kwa Charles Bluhdorn, tajiri aliyezaliwa Austria ambaye kampuni yake ya Gulf and Western ndiyo iliyoimiliki Paramount. Bluhdorn alipomwona Brando akataka kuondoka. Kisha akaona mtu wa miaka 46 akigeuka mzee mbele ya macho yake. Akasimama, akatazama, akakubali. Baadaye daktari wa meno alimtengenezea Brando kifaa cha kutia kinywani badala ya vikaratasi, na kifaa hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya senema, Queens, New York.

Jambo jingine la kuchekesha: Brando hakupenda kuhifadhi maneno yake. Yaliandikwa kwenye vibao vikafichwa kila mahali, na iko picha ya Robert Duvall, aliyecheza wakili Tom Hagen, amejibandika kibao kifuani ili Brando asome. Sisi tuliofunzwa chuoni kuhifadhi kwa fimbo ya mwalimu, twaona ajabu kwamba mtu aweza kusoma kibao na bado akamliza mtazamaji.

KIJANA MFUPI WA BRONX

Vita vya Brando vilikuwa vidogo vikilinganishwa na vya Michael, mwana mdogo wa Don. Paramount ilitaka uso unaouza tikiti. Majina ya Robert Redford, Ryan O'Neal, Warren Beatty na Jack Nicholson yalitajwa. Coppola alikuwa na jina moja tu ulimini: Al Pacino.

Nani Al Pacino? Alikuwa kijana wa miaka 30 aliyekulia South Bronx, akijulikana kwenye majukwaa ya New York, ambako mwaka 1969 alipata tuzo ya Tony kwa mchezo wa "Does a Tiger Wear a Necktie?". Katika senema alikuwa mgeni. Mabwana walimwona mfupi, mnyonge, asiye na mvuto. Coppola amesema kwamba kila alipokisoma kitabu, hasa pale Michael atembeapo katika milima ya Sisilia, uso uliomjia ni wa Pacino. Na kuna jambo ambalo hata mtunzi wa hadithi angeogopa kulitunga: babu na bibi wa Pacino, wazazi wa mamake, walitoka katika mji ule ule wa Corleone, Sisilia, ambao Puzo aliipa jina lake familia ya kitabuni.

Mapema kabisa Coppola aliwaita Pacino, James Caan, Robert Duvall na Diane Keaton San Francisco, akawapiga picha za majaribio kwa gharama ndogo. Kampuni haikuridhika. Ikaamuru majaribio makubwa, wachezaji wakaja kwa makundi, fedha zikatumika nyingi, na siku zikapita. Mwisho wa yote, waliochukuliwa ni wale wale wanne wa mwanzo. Walizunguka kisiwa kizima kumbe bandari ilikuwa nyuma ya nyumba.

Hata alipopewa sehemu, Pacino hakuwa salama. Kazi ilianza Machi 1971, na wiki za kwanza mabwana waliotazama vipande vilivyopigwa walimwona kana kwamba hafanyi lolote. Hawakufahamu kwamba alikuwa akimficha Michael kwa makusudi, kama mtungaji afichavyo maana katika mafumbo ya beti za mwanzo ili ifichuke mwishoni. Coppola akaileta mbele ile sehemu ya mkahawani, ambapo Michael awaua Sollozzo na afisa wa polisi McCluskey. Walipomwona Pacino ameketi, macho yakicheza, moyo ukimwenda mbio kabla ya kuichomoa bastola, wakanyamaza. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2024, Pacino asimulia kwamba aliumia mguu alipokuwa akirukia gari baada ya kupigwa sehemu ile, na alipokuwa amelala chini alidhani Mungu amemfungulia mlango wa kutoka. Hakutoka. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia.

Coppola naye aliokolewa na mambo mawili. Aprili 1971, kazi ikiendelea, alitunukiwa Oscar kwa kushiriki kuiandika senema ya "Patton", na si rahisi kumfukuza mtu aliyetoka kupewa taji. La pili, Brando alisema akiondolewa Coppola, naye ataondoka. Yule aliyehofiwa kuwa mkorofi ndiye aliyekuwa nanga ya chombo.

KUPATA KWA MMOJA, KUKOSA KWA MWINGINE

Ushindi wa Pacino, hata hivyo, ulikuwa na bei, na bei hiyo alilipa mtu mwingine. Sehemu ya Sonny, mwana mkubwa mwenye hasira za moto, ilikuwa imekwisha kuahidiwa Carmine Caridi, mchezaji wa New York mwenye asili ya Kiitalia na mwili wa mnazi: futi 6 na inchi 4. Evans, katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1994, aeleza alivyomwambia Coppola: nitakupa Pacino, nawe utanipa James Caan awe Sonny. Caridi ni mrefu mno, akisimama na Pacino watachekesha. Coppola akabisha kwamba Caan ni Myahudi, si Mwitalia. Evans hakulegea. Ndivyo Caan, mzaliwa wa Bronx na mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, alivyokuwa Sonny Corleone, na wengi hadi leo huapa kwamba ni Mwitalia wa damu.

Kulikuwa na kizuizi kingine. Pacino alikuwa amefungika kwa mkataba na kampuni ya MGM kucheza katika "The Gang That Couldn't Shoot Straight". MGM ilikataa kumwachilia. Kwa maelezo ya Evans, alimpigia simu wakili mmoja mwenye mkono mrefu, Sidney Korshak, naye akazungumza na Kirk Kerkorian, tajiri wa MGM, na muda si muda Pacino akawa huru. Mtu aliyeiona senema yenyewe atacheka, kwani hivyo ndivyo hasa Don Corleone alivyokuwa akimaliza mambo, ila hapa hapakuwa na bastola.

Pengo la Pacino kule MGM alilijaza kijana mwingine, Robert De Niro. De Niro alikuwa amejaribiwa kwa sehemu ya Sonny, na mwisho akapewa sehemu ndogo ya Paulie Gatto, dereva mhaini. Coppola akamruhusu aende. Aliyemwona akiondoka angesema kapoteza bahati yake. Kumbe kuondoka kule ndiko kulikomhifadhi. Lau angalikufa akiwa Paulie katika senema ya kwanza, asingaliweza kurudi mwaka 1974 katika ile ya pili kuwa Don Vito mwenyewe akiwa kijana. Alijifunza Kisisilia, akazungumza karibu maneno yake yote kwa lugha hiyo, akatwaa Oscar. Yeye na Brando wakawa watu wa kwanza kupata tuzo hiyo kwa kumcheza mtu mmoja yule yule. Mwenyezi Mungu akikufungia mlango, tazama kwanza kama hajakuwekea akiba.

MPIGA MIELEKA, DADA, MTOTO NA PAKA

Luca Brasi, yule jitu aogopwaye kuliko wote, alichezwa na Lenny Montana, aliyekuwa mpiga mieleka. Siku ya kucheza na Brando, pandikizi hilo lilishikwa na hofu likawa latapatapa na maneno mbele ya mchezaji mashuhuri. Mwongozaji mwingine angalimfokea. Coppola aliiacha hofu ile ibaki, kisha akaongeza sehemu fupi inayomwonyesha Luca kiambazani akijifunza peke yake salamu za kumpa Don. Mtazamaji hudhani ni ustadi mkubwa. Kumbe ni woga wa kweli wa mtu wa kweli.

Fredo, mwana dhaifu, alitoka jukwaani. Fred Roos, mtu wa Coppola wa kutafuta wachezaji, alimwona John Cazale katika mchezo wa Israel Horovitz na hakuhitaji kutazama mwingine. Cazale alifariki kwa saratani mwaka 1978. Alicheza senema kubwa tano tu maishani mwake, na zote tano zilitajwa kugombea Oscar ya senema bora. Abe Vigoda, aliyecheza Tessio, hakuwa na mtu wa kumsemea. Aliitikia mwito wa wazi pamoja na umati, akaokotwa mle.

Coppola hakuwasahau jamaa zake pia. Connie, binti wa Don, ni Talia Shire, dada yake. Mpiga piano katika maficho ya majambazi ni baba yake, Carmine Coppola, aliyetunga baadhi ya muziki. Na yule mtoto wa kiume abatizwaye mwishoni, huku maadui wa Michael wakiuawa mmoja mmoja, ni mtoto wa kike! Ni Sofia, binti yake Coppola, aliyezaliwa Mei 1971, kazi ikiendelea. Sofia alikua akawa mwongozaji, na akapata Oscar yake mwenyewe kwa kuandika "Lost in Translation" ya mwaka 2003.

Na paka je? Paka apapaswaye na Don hapo mwanzo hakuwamo katika maandishi. Alikuwa akizurura mle studio, Coppola akamtia mapajani mwa Brando bila ya kusema neno. Paka akafurahi akakoroma mno, hata akataka kuyafunika maneno ya Brando. Basi katika senema nzima, mchezaji mmoja tu ndiye aliyepata sehemu yake bila ya kujaribiwa wala kupingwa.

NENO LILILOFUTWA

Wako waliotaka senema isitengenezwe kabisa. Joseph Colombo, mkuu wa moja ya familia za uhalifu za New York, alikuwa ameunda chama cha kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Kiitalia, kikilalamika kwamba wote hupakwa matope kwa makosa ya wachache. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, ijapokuwa mlalamikaji hakuwa msafi. Mtengenezaji wa senema, Albert Ruddy, alikutana naye mwaka 1971, wakaafikiana kwamba neno "Mafia" litolewe katika maandishi. Neno lenyewe lilikuwamo mara chache mno. Milango ya mitaa ikafunguka, na baadhi ya watu wa mitaa hiyo wakaonekana katika senema kama wachezaji wa kujazia.

Tarehe 28 Juni 1971, Colombo alipigwa risasi mkutanoni katika uwanja wa Columbus Circle, palipokuwa na jengo la Gulf and Western. Alilala nusu mfu hadi alipofariki mwaka 1978. Mchezo na ukweli vilikuwa vikitazamana njia kwa njia.

MIZANI

Senema ilitoka Machi 1972, ikaipita hata "Gone with the Wind" ya mwaka 1939 kwa fedha zilizoingia. Ilipata Oscar ya senema bora, na ya maandishi kwa Puzo na Coppola. Brando alipewa ya mchezaji bora, akamtuma Sacheen Littlefeather Machi 1973 aikatae kwa niaba yake, kulalamikia jinsi senema za Marekani zilivyowadhalilisha wenyeji asilia wa nchi ile. Pacino, Caan na Duvall wote watatu waliteuliwa. Caan, ambaye hakuwa Mwitalia, na Pacino, ambaye hakuwa na urefu!

Sisi watungaji wa mashairi twaijua kazi hii. Neno zuri si lazima liwe ndilo neno lifaalo. Waweza kuwa na neno la dhahabu, lakini kama halina kina, ubeti walikataa. Mabwana wa Paramount walikuwa na maneno ya dhahabu. Coppola alikuwa akitafuta kina.

Lakini haki itendeke kwa Carmine Caridi. Alirudi katika senema ya pili kwa sehemu ndogo ya Carmine Rosato, akaendelea kuchuma riziki yake katika senema na televisheni, na akafariki mwaka 2019. Hakukosa kwa ubovu wa kazi. Alikosa kwa inchi. Maneno yote tusemayo juu ya jicho kali la Coppola ni kweli, walakini jicho hilo hilo lilikubali kumtoa Caridi ili limpate Pacino. Utazamapo Sonny akifoka na kupigana, na ukafurahi kama tufurahivyo sote, jua kwamba nyuma yake yupo mtu mrefu aliyeambiwa kiti ni chake, kisha akaambiwa asimame. Kila ubeti mzuri una maneno yaliyofutwa, nayo pia yalikuwa maneno.